Ubao wa Kumi na Nne

Gloriose Mukandekezi ana kazi ambayo huwezi kumweleza mkwe wako akakuelewa. Anakaa. Sisemi anakaa mahali fulani, nasema kazi yenyewe ndiyo kukaa. Kila Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tano, anakaa kwenye kiti cha mbao katika darasa la kuchora la chuo chetu cha sanaa, njia ya kwenda Kiruruma, na watoto wa watu wanamchora. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Wapo watu ninaowafahamu waliokaa maofisini muda mrefu kuliko huo bila kufanya chochote, lakini hao hakuna anayewachora.

Hapa chuoni tunamwita Mama Hirwa, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Ana miaka hamsini na mitatu, goti la kushoto linalolia kama bawaba, na macho ya mtu aliyeamshwa kabla ya muda wake.

Kwenye sanaa aliingia kwa kuchoka. Mwaka chuo kilipofunguliwa, yeye na mumewe Manirakiza walikuwa vibarua kwenye migomba ya chuo, kazi yao kupunguza machipukizi na kukata majani makavu. Mwalimu Ndyamukama, ambaye ndiye mkuu wa chuo na ndiye huyo huyo anayefundisha kuchora, alikuwa anatafuta mtu wa kukaa saa mbili bila kutikisika. Alijaribu mlinzi. Mlinzi akalala, kichwa kikaangukia kifuani, wanafunzi wakamaliza muhula wanachora kofia. Akajaribu mbuzi wa jikoni. Mbuzi akala karatasi za wanafunzi wawili, na mpaka leo watu wanasema hizo mbili ndizo zilikuwa nzuri.

Siku moja Mwalimu akapita shambani akamkuta Gloriose amekalia mgomba ulioangushwa, jembe mapajani, anatazama mbele. Akaenda ofisini kwake, akarudi baada ya nusu saa. Gloriose yuko vilevile, hata nzi aliyekuwa begani ni yule yule.

"Mama, unafanya nini hapo?"

"Nimechoka, mwalimu."

"Unaweza kuchoka hivyo hivyo ndani, kwenye kiti?"

Akanyanyuka akamfuata. Aliniambia baadaye kwamba alidhani anaonewa huruma, na kwamba ilimchukua wiki mbili kuelewa kuwa wale vijana hawakuwa wakimwandikia ripoti.

Mimi naitwa Kahigi. Diploma yangu niliianzia hapo hapo chuoni, ikaishia katikati, kwa sababu ambazo mama yangu bado anazisimulia misibani. Mwalimu akanionea huruma akanipa stoo. Kazi yangu kubwa ni mbao. Chuo kina mbao kumi na nne za plaiwudi, kimo cha mtoto wa darasa la tatu, na plaiwudi ni ghali kuliko wanafunzi. Kwa hiyo kila mwaka, mwezi wa kumi na moja, wanaomaliza wanatundika kazi zao ukumbini, wageni wanaangalia, wanakula, wanaondoka, halafu mimi nachanganya rangi nyeupe na gundi nazipaka mbao zote kumi na nne ziwe mpya kwa ajili ya mwaka unaofuata. Mtihani wa mwisho ni uso wa mtu, na mtu tuliye naye ni mmoja. Kwa miaka mitatu kabla ya mwaka jana nilikuwa nimempaka Mama Hirwa rangi nyeupe mara arobaini na mbili.

Na mkaa haufi vizuri. Unapaka leo, miezi miwili baadaye mwanafunzi wa mwaka wa kwanza yuko anachora birika, anaona jicho linamchungulia kutoka kwenye mdomo wa birika. Namwambia asiogope, huyo ni Mama Hirwa wa mwaka juzi.

Yeye mwenyewe hakuwahi kusimama mbele ya mbao hizo. Siku ya maonyesho yuko jikoni anawamenyea wageni ndizi, na mtahini akimwita akae ukumbini, macho anayaweka dirishani. Akimaliza kukaa darasani anapita nyuma ya wanafunzi bila kugeuza shingo. Nilimuuliza mara moja kwa nini.

"Nina kioo nyumbani," akasema. "Nacho nimekigeuzia ukutani."

Lakini kazi ya kukaa anaiheshimu. Siku za kukaa ananawa uso kwa sabuni, anajipaka mafuta, anavaa blauzi yake ya Jumapili, ile nyeupe yenye vifungo vya lulu za plastiki, na kichwani hafungi kitu. Anakaa kidevu juu. Mwanafunzi akishamchora mwaka mzima anaweza kumchora amefumba macho, na wengi ndivyo wanavyofanya.

Mwaka jana, mwezi wa tisa mwishoni, siku wanafunzi walipoanza kazi zao za mwisho, Mama Hirwa alikuwa na malaria. Angeweza kubaki nyumbani, lakini nani angekaa, mbuzi? Alikuja na kitenge kichwani kimeshuka hadi kwenye nyusi, mashavu yameingia ndani, meno yanagongana. Alikaa saa zake mbili. Mwalimu Ndyamukama hakuwepo, alikuwa semina Bukoba. Wanafunzi kumi na watatu wakamwangalia mara moja, wakamwonea huruma, wakaendelea kuchora yule Mama Hirwa waliyemzoea, na blauzi na vifungo vyake.

Wa kumi na nne alikuwa Vero, binti wa Bweranyange. Vero hana kipaji cha kuchora vitu ambavyo havipo. Ukimwambia achore ng'ombe bila ng'ombe analeta meza. Anachojua ni kuchora kilichoko mbele yake, kama kamera mbovu ambayo ikishapiga haifuti. Basi alichora kilichokuja. Kitenge, nyusi, mashavu, mdomo uliokazwa kuzuia meno. Alimaliza uso wote siku hiyo hiyo. Wiki tatu zilizofuata hakuonekana, mvua za vuli zilikuwa zimeshika na kwao walikuwa wanapanda maharage. Aliporudi, ubao wake ulikuwa vilevile, na Mama Hirwa alikuwa amepona.

Mwalimu Ndyamukama alipopita kukagua kazi, wiki moja kabla ya maonyesho, alisimama mbele ya ubao wa Vero muda mrefu.

"Vero, huyu ni nani?"

"Mama Hirwa, mwalimu."

"Mama Hirwa yupi? Huyu tumemzika juzi."

Darasa likacheka. Na mimi nilikuwa mlangoni na kopo la misumari, nilicheka, sitaki kusema uongo.

"Mwalimu, siku ile alikuwa anaumwa."

"Kwani mtahini kutoka Mwanza atakuja na kipimo cha malaria?" Mwalimu hakuwa amekasirika, alikuwa amechoka, na hiyo ni mbaya zaidi. "Utaratibu unaujua. Aliyechorwa anakaa ukumbini, mtahini anatazama ubao, anamtazama mtu. Visipofanana, cheti hakuna. Futa huo uso. Mwite Mama Hirwa Jumamosi, akukalie uanze upya."

Vero akaniomba kitambaa cha kufutia. Alikuwa hana hata nguvu ya kulia. Kule Bweranyange baba yake alikuwa ameshatangaza sherehe na ameshafukia shimoni ndizi za kukamulia rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ndizi zikishafukiwa hazisikilizi habari za mtahini, zinaiva.

Jumamosi Mama Hirwa akaja, amenawa, blauzi ya Jumapili, kidevu tayari kiko juu. Mimi nilikuwa napigilia misumari ya kutundikia. Vero alikuwa ameugeuza ubao wake dirishani apate mwanga, kwa hiyo Mama Hirwa, ili afike kwenye kiti chake, ilibidi apite mbele yake. Alipita. Akarudi nyuma hatua moja.

Nilidhani amechukia. Wanaochorwa wote wanachukia, hata mbuzi angechukia.

"Nani alikuonyesha huyu?" akamuuliza Vero.

"Ni wewe, mama. Siku ile ulipokuwa unaumwa. Nisamehe, nafuta sasa hivi."

"Siyo mimi." Alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayeshuka mteremko wa utelezi. "Huyu ni mama yangu."

Akaketi sakafuni. Mtu ambaye kazi yake ni kukaa kwenye kiti, na kiti kiko pale, akaketi sakafuni.

Tulimsikiliza. Mama yake aliitwa Twizeyimana. Aliingia Tanzania kwa miguu kutoka Rwanda miaka ya sitini mwanzoni, na wenzake waliokimbia, wakapewa ardhi Nkwenda, kule Kyerwa. Gloriose alizaliwa huko, wa mwisho kati ya sita. Neno la kwanza la Kiswahili mama yake alilolijua lilikuwa shikamoo, na alilipenda mno. Asubuhi hakuna mtoto aliyepewa uji kabla hajalisema, na yeye akiitikia anavuta marahaba kama anaimba. Alikufa kwa ugonjwa wa tumbo Gloriose akiwa na miaka kumi na sita. Mama huyo aliwahi kupigwa picha moja tu, mnadani Nkwenda, na mpiga picha wa kupita. Gloriose aliitunza ndani ya sanduku la mbao, na mchwa wakaingia kwenye sanduku.

"Walibakiza magoti," akasema. "Magoti ya mama ninayo mpaka leo. Nayajua vizuri. Uso ndio ulianza kuniponyoka. Kwanza pua, halafu mdomo. Miaka kumi hii nikimwota ananipa mgongo." Akauelekeza mkono kwenye ubao bila kuugusa. "Hivyo ndivyo alivyokuwa anafunga kitenge. Hivyo ndivyo alivyokuwa anakaza mdomo ili tusijue anaumwa."

Vero alikuwa na kitambaa mkononi.

Mimi ninapoona watu wako hivyo natafuta kitu cha kufanya. Nikatoa simu. "Mama Hirwa, napiga picha, Vero afute, wewe unabaki naye humu." Nikapiga. Akaichukua, akaiangalia, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akanirudishia.

"Simu yako itaibiwa," akasema. "Tena mama yangu hakuwa mdogo hivi."

"Basi tutafute ubao mwingine."

"Ziko ngapi?"

"Kumi na nne. Zote zina wewe, na zote ni mitihani ya watu."

"Nusu diploma," akasema, ndivyo anavyoniita, "hata hesabu nazo uliacha katikati?"

Halafu akamgeukia Vero. "Usimfute, binti."

"Mama, nisipomfuta sipati cheti."

"Najua."

"Baba ameshafukia ndizi!"

"Najua. Na mimi nisingekuomba kama ningekuwa na mwingine wa kumwomba." Akanyoosha mkono nimvute, nikamvuta, goti likalia. "Huyo mtahini atalinganisha ubao na nini?"

"Na wewe."

"Sasa mimi si ndiyo kazi yangu? Wewe ulinichora nilivyokuja. Nitakuja hivyo tena."

Vero akamtazama yule mwanamke aliyepakaa mafuta, amenawiri, vifungo vinang'aa. "Mama, mtu hawezi kupanga kuumwa malaria."

"Malaria siwezi. Kuchoka naweza. Huko nina akiba."

Vero alikaa na kile kitambaa nafikiri dakika tano. Nilikuwa tayari kumwambia afute; ningekuwa mimi ningefuta, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kutokuwa na diploma. Akakikunja, akakitia mfukoni.

Mama Hirwa akaenda mwenyewe ofisini, sisi nyuma yake.

"Mwalimu, waitu," akaanza, kwa neno letu la heshima, "ubao wa Vero usifutwe."

"Haufanani na wewe."

"Mtahini atasema."

"Na akisema haufanani?"

Jibu la swali hilo halikuwa la Mama Hirwa. Vero akalitoa kutoka mlangoni, kwa sauti ndogo sana: "Nitakosa, mwalimu."

Mwalimu akavua miwani, akajifuta uso kwa kiganja. "Basi utundikwe kule mwisho, karibu na mlango wa choo. Sitaki uwe kitu cha kwanza mgeni anachokiona."

Maonyesho yalikuwa Ijumaa. Mama Hirwa Alhamisi mchana alikula mara ya mwisho. Ijumaa kulipoanza kupambazuka alikuwa kwenye maharage yake bondeni, anapalilia mistari ambayo, kwa maneno ya mumewe, ingeweza kungoja wiki nzima. Manirakiza alimuuliza kama ana ugomvi na magugu. Saa mbili akabeba mkungu wa ndizi kichwani, akapanda nao kilima mpaka jikoni chuoni, akaketi kumenya. Mpishi akampa chai, akaisukuma pembeni. Mimi nilipita mara tatu kumwangalia. Mara ya tatu kisu kilikuwa kinakwenda chenyewe.

Ukumbini mambo yalikuwa kama kila mwaka. Vitambaa vya bluu na vyeupe mlangoni. Spika iliyokuwa inapiga kelele kabla ya mtu kusema. Wanafunzi wamesimama kando ya kazi zao na viatu vya kuazima. Wazazi wanapita kwa adabu, mikono nyuma, kama wanaangalia wagonjwa wodini. Mzee mmoja akasimama mbele ya chungu kirefu kilichopindishwa makusudi, akamwambia mwanawe taratibu, "Usijali, tata, mwanangu, cha pili kitanyooka." Mama mwingine aliulizia bei ya meza, siyo kinyago kilichokuwa juu yake. Wauguzi wawili waliotoka zamu Nyakahanga walikuja na bodaboda, wakazunguka ukumbi mara moja, wakaketi nyuma wakasinzia, na nilitamani kuwaunga mkono. Diwani alihutubia. Alisema sanaa ni ajira, akaangalia saa, akasema tena.

Mtahini aliwasili saa tano. Mtu mfupi, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, shati limekunjamana. Alikuwa amesafiri kwa meli usiku kucha na kwa basi asubuhi yote, mkononi ana kipakti cha senene wa kukaanga alichonunua njiani, anawatafuna mmoja mmoja kama mtu anayemeza dawa. Alipita kwenye vinyago, kwenye vyungu, kwenye vikapu, anaandika bila kusema. Akafika kwenye ukuta wa nyuso.

"Aliyechorwa yuko wapi?"

Mwalimu Ndyamukama akanipa ishara, nikaenda jikoni.

Mama Hirwa alinyanyuka kwa awamu mbili. Hakunawa. Utomvu wa ndizi ulikuwa umemkaukia vidoleni ukawa mweusi, udongo wa bondeni uko kwenye pindo la gauni. Akachukua kitenge chake, akakifunga kichwani, akakishusha mpaka kwenye nyusi, na vidole vyake vilifanya hivyo bila kutafuta, kama vilikuwa vinajua siku zote. Tukaingia.

Nilimwona Mwalimu Ndyamukama akibadilika rangi. Akamsogelea, tabasamu kwa wageni, maneno kwa Mama Hirwa: "Blauzi yako iko wapi?"

"Inafuliwa, mwalimu."

"Leo?"

"Ilichafuka leo."

Akakaa kwenye kiti chake, katikati ya ukumbi, wageni wote wakimtazama. Kidevu hakukiinua. Mikono akaiachia mapajani. Nimemwona akikaa zaidi ya miaka mitatu na nilikuwa nadhani namjua. Siku ile hakuongeza kitu. Alichofanya ni kuacha kuzuia.

Mtahini akavaa miwani. Akautazama ubao wa kwanza, akamtazama Mama Hirwa. Akautazama tena ubao. Akaenda wa pili. Wa tatu. Kufika wa tano, alirudi wa kwanza. Mwanafunzi wa tano alianza kutokwa jasho mpaka kwenye viatu vya watu.

"Mwalimu," mtahini akasema, "hawa walikuwa wanamchora nani?"

"Ni yeye huyu, bwana mtahini. Ni kwamba leo..." Mwalimu akatafuta leo kuna nini. "Leo ametoka jikoni."

"Na hawa walimkuta ametoka wapi?"

Akaendelea. Wa nane, wa tisa, wa kumi. Ilichukua muda, kwa sababu alikuwa mtu wa haki na aliupa kila ubao nafasi yake. Mama Hirwa hakutikisika, lakini mimi niliyekuwa karibu niliona jasho linashuka pembeni mwa sikio, na mdomo umeanza kukazwa. Hakuwa ameigiza chochote. Njaa ilikuwa ya kweli, goti lilikuwa la kweli. Nikaanza kuhesabu mbao zilizobaki kama mtoto anayengoja amina ya mwisho kanisani.

Vero alikuwa amesimama kwenye mlango wa choo, mkono mfukoni, ameshika kile kitambaa.

Mtahini akafika wa kumi na nne. Akamtazama Mama Hirwa. Akautazama ubao. Akaacha kutafuna.

"Huyu hapa," akasema. Hakusema kwa nguvu. Akageuka, akawatazama wale kumi na watatu, na akaonekana amechoka kuliko alipoingia. "Ninyi mmechora blauzi. Huyu mmoja ndiye amechora mtu."

Mwalimu Ndyamukama hakupoteza hata sekunde. "Ndiyo maana tuliutenga pembeni, bwana mtahini. Tulitaka upate nafasi yake."

Karibu na choo.

Wale kumi na watatu hawakufeli, wasomaji wasiwe na wasiwasi. Walipita, ila walipita wakiwa wameinama. Mmoja wao, mtahini alipokwenda kula, alimwendea Mama Hirwa. "Mama, umetuuza."

"Nimewakalia miaka miwili na blauzi ya Jumapili," akasema bila kugeuza kichwa. "Mwenzenu nimemkalia mara mbili nikiwa mimi. Sasa nani amemuuza nani? Hebu nitafutieni uji."

Hakuweza kunyanyuka. Tulimnyanyua mimi na Vero, mmoja huku mmoja huku, na Vero ndiye aliyekuwa analia sasa, kwa hiyo nilibeba wawili. Tulimpeleka mpaka mbele ya ubao. Alisimama pale akinywa uji wa kikombe cha plastiki, analinganisha kitu ambacho sisi hatukukiona. Mwalimu alipokuja kuwaaga wageni, Mama Hirwa akamwambia:

"Mwalimu, waitu, huyu naomba niende naye nyumbani."

Mwalimu akamhurumia, hilo nitampa. "Mama Hirwa, mtahini amesema kazi hii chuo kiitunze. Ameandika kabisa kwenye ripoti. Itakwenda ofisini kwangu, ukutani. Sasa ni kumbukumbu ya chuo."

Niliona Mama Hirwa anapiga mahesabu yake. Kutoka kwake mpaka chuoni ni mwendo wa dakika arobaini, kwa goti lile saa nzima.

"Hatapakwa?" akauliza.

"Hatapakwa."

"Mwaka ujao?"

"Mwaka wowote, mama."

"Basi." Akanirudishia kikombe. "Basi, inatosha."

Sherehe ya Vero Bweranyange ilikuwa Jumapili. Ndizi ziliiva kwa wakati, rubisi ikatoka nzuri, baba yake alikishika cheti juu chini bila kujua na hakuna aliyemwambia. Mama Hirwa alipewa kiti cha heshima, akanywa nusu kibuyu, akalala pale pale amekaa, wima. Watu wa Bweranyange walipita wakimwangalia kwa heshima. Walidhani yuko kazini.

Mwezi wa kumi na mbili nilipaka mbao kumi na tatu. Alinikuta nyuma ya stoo, ametoka shambani, jembe begani. Akasimama akinitazama nikimfuta, wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Pakaa vizuri," akasema. "Hasa macho. Hao nimewachoka."

Sasa ni Januari, chuo kimefunguliwa, wapo wanafunzi wapya ambao bado wanaogopa kumwangalia. Jumanne ya kwanza nilikuwa ofisini kwa Mwalimu naorodhesha mikasi, yeye yuko mezani kwake. Ubao uko ukutani, juu ya kabati la mafaili, na chini yake Mwalimu amebandika karatasi iliyochapwa: Aliyekaa, Gloriose Mukandekezi. Saa tatu kasorobo Mama Hirwa akasimama mlangoni. Blauzi ya Jumapili hakuivaa, na sijaiona tena tangu Jumamosi ile. Akaweka mfuko wake chini, akapiga goti lile bovu kidogo, kwa maumivu, macho juu ya kabati.

"Shikamoo."

Mwalimu Ndyamukama amemzidi cheo, lakini Mama Hirwa amemzidi miaka kumi na miwili, na kwa miaka yote kumi na mmoja hakuwahi kumpa salamu hiyo. Mwalimu hakuinua kichwa kwenye makaratasi yake, ila niliona mgongo umenyooka.

"Marahaba, Mama Hirwa."

Alingoja kidogo, kama vile sauti ile haikuwa aliyokuwa akiisubiri. Halafu akaokota mfuko wake, akaenda darasani, akakaa.